Kabati Lililosemwa Vibaya

Mtaani mume walimwita Sifa, na mkewe wakamwita Kasoro, na hakuna aliyekaa nao nusu saa akauliza kwa nini. Walikuwa na duka la samani za zamani kwenye mtaa wa mafundi makochi, limebanwa kati ya muuza rangi na mtengeneza friji, na ndani mlijaa viti, meza na vitanda kiasi kwamba mteja mnene aliingia kwa ubavu. Mume alikuwa mtu wa kuona kitu akakipenda palepale. Akikuta kigoda kilichochongwa vizuri, alikizungusha mkononi, akakinusa, akakipapasa tumbo, na kabla hajajitambua alishaanza kumwambia mwenye nacho kwamba vitu kama hivi havitengenezwi tena. Mwenye nacho, ambaye muda huohuo alikuwa tayari kukitoa kwa hela ya chai, alikikumbatia, akakirudisha ndani na kufunga mlango.

Ndiyo maana mkewe akamwekea sheria. Nyumbani kwa watu asifungue mdomo. Sifa zake aziweke moyoni, azitoe wakiwa kwenye gari wanarudi, akitaka hata aziimbe. Ndani ya nyumba anayeongea ni Kasoro, na kazi ya Kasoro ni kuponda: mguu mmoja mfupi, kitasa hakishiki, droo inakwama, vanishi imebabuka. Hakuwa mwongo. Kasoro aliyoitaja ilikuwepo, na kama haikuwepo hakuitaja, na alijivunia hilo kama wengine wanavyojivunia watoto waliosoma. Akimaliza kuponda wanaaga, wanaacha siku zipite bei ipoe, halafu wanarudi kama watu waliokuwa wanapita tu njia. Wanaonunua vitu vya zamani wote hufanya hivyo, na wauzaji wengi wanalijua hilo, kwa hiyo na wao wanapandisha mapema. Ni mchezo, na kila mtu anajua unapoishia.

Mama mmoja mjane, karani mstaafu wa posta, hakuujua mchezo huo.

Alikuwa anahama. Nyumba ilimzidi ukubwa baada ya mume kufariki, na kitindamimba wake alikuwa amemjengea chumba nyumbani kwake, upande wa uani. Vyombo alishagawa, makochi alishauza, kikabaki kitu kimoja ambacho hakuna aliyejua kitatokaje: kabati la nguo la milango mitatu lililosimama chumbani kwake ukuta mzima, na taji la nakshi juu, na droo mbili ndefu chini. Mlango wa chumba ulikuwa mwembamba. Kabati lilikuwa kama basi lililoegeshwa sebuleni. Akaulizia, akaelekezwa kwa Sifa na Kasoro, wakaja.

Sifa alipofika mlangoni alishika fremu. Alikuwa ameona mbao nyingi maishani, lakini lile kabati lilimtazama kama mtu anayekujua jina. Akauma ulimi, akaangalia dari, akajaribu kufikiria foleni ya kulipia umeme.

Mkewe akalipitia taratibu ubavu hadi ubavu, mikono nyuma, akaanza. Linayumba, akalisukuma kidogo na kweli likayumba. Kioo kimeingia madoa. Mguu wa nyuma una matundu ya vidudu. Ubavuni kuna skrubu za juzijuzi, mtu amelikaza kienyeji. Na mlangoni, mama yangu, halipiti hata ulisomee dua. Yote kweli, na yote aliyasema kwa huruma kama daktari.

Yule mama alisikiliza, akaitikia kwa kichwa, halafu akamgeukia yule mwanaume aliyesimama kimya mlangoni kama mgambo.

"Na wewe baba, unasemaje?"

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Sifa alijua kwamba akifungua mdomo zitatoka sifa, na sifa zikitoka, nyumbani hakutalalika. Basi akajikaza, akausukuma ulimi upande wa pili kwa nguvu zake zote, kama mtu anayekwepa shimo akaingia mtaroni.

"Mbao yenyewe ya kawaida tu, mama," akasema. "Aliyeuziwa hili alipigwa mchana kweupe."

Mama akatabasamu kidogo, akawashukuru, akawapa maji ya kunywa.

Kwenye gari Kasoro hakusema kitu mpaka walipofika kwenye taa. Taa ikawa nyekundu, akasema kwamba yeye alitaja kasoro, mwenzake ametaja uongo, na hivyo vitu viwili havikai sahani moja. Mbao ile ya kawaida ni wapi? Sifa akakiri kwamba ni mvule mtupu, wa zamani, na kwamba mdomo ulimteleza. Mkewe akamwambia siku nyingine ukiteleza, teleza huku kwenye sifa, angalau tumezoea. Yakaisha. Wakaacha wiki ipite.

Waliporudi, geti lilikuwa wazi. Chumbani walimkuta mama amekaa kwenye ukingo wa kitanda kisicho na godoro, mwanawe amesimama kando yake na simu mkononi, na mbele ya kabati fundi mmoja amepiga magoti, kalamu ya risasi sikioni, amechora mstari wa chaki kutoka mlango wa kushoto hadi wa kulia, katikati kabisa, mnyoofu kama kamba ya kuanikia. Msumeno wake wa mkono ulikuwa sakafuni.

Kasoro akaamkia, mama akaitikia marahaba bila kuinuka. Mwanawe ndiye aliyeeleza, kwa haraka ya mtu aliyeomba ruhusa kazini. Kwa kuwa wenyewe walisema halina maana na halipiti mlangoni, wameamua likatwe. Fundi atawatengenezea shelfu mbili za jikoni, mbao zinazobaki atachukua mwenyewe kama ujira.

Sifa akamtazama mkewe. Mkewe alikuwa anautazama ule mstari wa chaki.

"Mama," Kasoro akaanza, "sisi tulikuwa tunarudi kuzungumza bei."

"Bei ya nini, mwanangu?" Mama hakuwa na hasira, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Mlisema aliyeuziwa alipigwa. Aliyeuziwa ni marehemu mume wangu. Miaka yote hii kila Jumamosi nalipitishia kitambaa, najiambia nina kitu. Mzee alinihakikishia kwamba hata tukikosa vyote, hiki ni kitu. Kumbe nilikuwa nafuta vumbi kwenye kichekesho. Bora likatwe. Sitaki liende kunicheka na huko niendako."

Fundi akatazama ukuta. Sifa alisoma diploma ya usimamizi wa maghala, akafundishwa namna ya kumpokea mteja aliyekasirika, lakini hakuna somo lililosema ufanye nini na mteja aliyekuamini.

Akavuta pumzi, akamgeukia mkewe kuomba kwa macho. Miaka yote ya ndoa yao hajawahi kupata anachokiomba hivyo nyumbani kwa watu. Kasoro akakaa chini, juu ya boksi la vyombo lililofungwa kamba, akapakata mkoba wake.

"Sema," akamwambia.

Ila kabla hajasema, yule kijana wa mama akacheka pembeni. Wiki iliyopita takataka, leo mali? Akauliza kama bei ya mbao imepanda au vipi, maana yeye si mtoto, ujanja wa madalali anaujua, mnaponda mnunue, mnasifu muuze. Na kusema kweli alikuwa na haki. Mama naye akawaangalia kwa zamu, na Sifa akaona kwamba hata angeongea mpaka jioni, maneno yake yameshaoza kwenye kile chumba.

"Hatununui," Kasoro akasema.

Sifa akageuka.

"Hatulinunui," mkewe akarudia, akimtazama mama na si mtu mwingine. "Hata ukitupa leo kwa bei ya kuni, hatulichukui. Mtu ambaye hanunui hana sababu ya kuponda wala kupamba. Msikilizeni tu huyu, ataugua akinyamaza."

Maneno hayo yalimgharimu, Sifa alijua. Mwanamke huyo alishaota kabati hilo lipo dirishani mwa duka, na jana tu alikuwa amehamisha meza mbili kulipishia nafasi.

Basi Sifa akavua viatu. Hakuna aliyemwambia avue. Akamwomba fundi asogee kidogo, akachomoa droo moja ndefu, ikatoka bila kelele, akaiweka kitandani na kuipindua tumbo juu. Akamwomba mama apitishe vidole, asitazame, apapase tu. Mama akasita, halafu akapitisha.

"Ina mawimbi," akasema.

"Randa ya mkono. Mashine ingeiacha laini kama sahani. Huyu mtu aliisukuma kwa mikono, akarudi, akasukuma, na kila aliporudi ameacha alama yake. Hapa chini mama, ambapo hata wewe hujawahi kupaona."

Akawaonyesha pembe za droo, pale ubao wa mbele unaposhikana na wa ubavu. Meno yaliumana kama vidole vya mikono miwili, hakuna msumari hata wa dawa, na hayakulingana: jino la kwanza nene, la mwisho jembamba kama la mtoto. Fundi yule alikata kwa jicho. Mstari aliouchora kwa ncha ya chuma kabla ya kukata bado ulikuwepo, umekwaruzwa kidogo tu, kama unyoya.

Fundi wa msumeno alikuwa ameshasimama nyuma yake bila kualikwa. Akatoa tochi, akamulika, akanung'unika kwamba yeye viungo kama hivi aliwahi kukata vinne chuoni na mwalimu akavitupa. Kisha akaingiza kichwa chote ndani ya kabati, na sauti yake ikatoka kama ya mtu aliye kisimani: hata mgongo ni mvule. Huku nyuma. Kwenye ukuta.

"Hilo ndilo lililonishika," Sifa akasema, na sasa alikuwa hashikiki. "Mtu anayetaka kukupiga anaweka mbao nzuri mbele na makapi nyuma. Nani atavuta kabati aangalie mgongo? Huyu ameweka ileile kila mahali, alijua hakuna atakayempongeza. Na tazama paneli za milango, pembeni kabisa, kuna utepe mweupe usio na vanishi. Mbao imekauka miaka na miaka, ikajikunja, ikatoa shingo nje ya fremu. Hiyo huwezi kuigiza dukani. Halafu sasa, mama, simama hapa. Hapa nilipo mimi. Itazame milango yote mitatu pamoja."

Mama akasimama. Wote wakasimama pale, wamebanana kama wanaopigwa picha.

Mistari ya mbao ilianzia chini ya mlango wa kushoto, ikapanda, ikaruka upenyo, ikaendelea mlango wa kati pale pale ilipoishia, ikajipinda juu kidogo, ikaruka tena, ikashuka mlango wa kulia. Ubao mmoja. Mtu aliuchagua ubao mmoja mpana, akaupasua milango mitatu, akaipanga ilivyokuwa kwenye mti. Na katikati yake yote, mstari mweupe wa chaki.

Fundi akasogea, akalamba kidole gumba, akaanza kuufuta.

"Sasa hayo matundu je?" akauliza kijana. Sauti ilikuwa imepungua kidogo, lakini hakuwa tayari kushindwa chumbani kwa mama yake. "Wenyewe mlisema limeliwa."

Hilo Kasoro akalichukua. Akainuka, akainama pembeni ya kabati na hijabu yake ikijaa vumbi, akagonga mguu kwa kifundo cha kidole na kuweka karatasi nyeupe chini. Hakuna kilichodondoka. Mdudu akiwa ndani anatema unga, na tundu jipya mdomo wake ni mweupe. Haya yalikuwa meusi kama tundu za pua.

"Niliwaambia lina matundu, na kweli lina," akasema. "Sikuwaambia wenye matundu walishahama zamani. Hiyo ni yangu, mama. Huyu alidanganya mara moja kwa kuteleza. Mimi huwa nasema kweli nusu, kila siku, na ninajisifu."

Mumewe hakuwa amewahi kumsikia akijitaja kasoro mwenyewe. Akamtazama kama alivyolitazama lile kabati siku ya kwanza, na ikabidi ajifanye anatafuta viatu.

Likabaki la mlango. Hata liwe zuri namna gani, halipiti. Kijana akalisema, na safari hii lilisikika kama ombi. Sifa akaweka kiganja ubavuni mwa kabati akalisukuma, likayumba. Akalisukuma tena, sikio limegusa mbao. Kisha akaanza kucheka pole pole.

Kabati lililounganishwa moja kwa moja, akaeleza, likilegea linalegea kiungo kimoja, linainama upande. Hili linacheza sawasawa pembe zote, kama meno ya maziwa. Na mtu aliyejenga kitu kikubwa hivi si mjinga, naye alikuwa na mlango wa karakana. Akauliza hizo skrubu za ubavuni nani alipiga.

Kijana akajikuna shingo. "Ni mimi. Lilikuwa linayumba."

"Ulilifunga mkanda, bwana. Toa."

Fundi alikuwa na bisibisi mkononi kabla sentensi haijaisha. Skrubu zikatoka moja moja, zinang'aa kama zimenunuliwa juzi. Kisha akapanda kwenye kiti, akapuliza vumbi juu, akapiga chafya, akaliweka taji la nakshi viganjani na kulisukuma juu kidogo tu, kama mtu anayemvua mzee kofia. Likanyanyuka. Halikuwa limegongelewa na kitu. Chini yake, kwenye kila pembe, palikaa kabari ya mbao ngumu, imelegea kwa ukavu wa miaka, na kando ya kila kabari kulikuwa na vikato vidogo vya patasi: kimoja hapa, viwili pale, vitatu, vinne. Na kwenye ubao wa ubavu unaopokea kabari hiyo, vikato vilevile.

"Ameandika," fundi akasema huku juu. Akasahau kushuka. "Ameandika kila kitu kinarudi wapi. Mtu yeyote anaweza kulirudisha. Hata mimi."

Wakagonga kabari kwa kipini cha nyundo, taratibu, na kabati likafunguka. Milango ikatoka kwenye bawaba, mbavu zikaachia, mgongo ukashuka ubao kwa ubao, na baada ya muda kitu kilichokuwa kimekalia ukuta mzima kilikuwa kimeegemezwa kimya kando ya mlango, chembamba, kimejipanga kama wanafunzi mstarini. Ukutani pakabaki umbo lake, rangi ya zamani ambayo jua halijawahi kuigusa. Kijana akachukua ubavu mmoja, akautoa nje na kurudi. Ulipita na nafasi ikabaki. Akasimama mlangoni na mikono mitupu, akimtazama mama yake.

Mama alikuwa ameshika kabari moja. Akaigeuzageuza.

"Aliyelinunua alipigwa?" akamuuliza Sifa. Hakumchokoza. Alitaka jibu.

"Hapana, mama. Niliyesema vile ni mimi, na nilikuwa sijafungua hata droo. Yule mzee alijua anachonunua. Kama kuna aliyepigwa siku ile, ni aliyeuza."

Mama akakaa. Akasema kwamba mzee alikuwa na pikipiki. Aliipenda, alikuwa anaiosha kuliko anavyooga. Akaiuza wiki moja baada ya harusi yao, akaja na hili kwenye mkokoteni, kumbe vipande vipande, na yeye siku hiyo alikuwa kazini, alirudi akalikuta limesimama. Hakuwahi kujua kwamba liliunganishwa humo chumbani. Ndugu wa mume walicheka mpaka wakatokwa na machozi, hasa dada yake mkubwa, aliyesema kaka yetu amebadilisha injini kwa sanduku, na akaendelea kulisema kila sikukuu, kila msiba, mpaka ule wa mzee mwenyewe. Mzee alikuwa hajibu. Anatabasamu, anaenda kutundika shati.

Kasoro akauliza, kwa sauti ya duka kidogo maana mazoea ni mazoea, kama mama angependa kujua thamani yake kwa mnunuzi anayejua. Mama akasema angependa. Kasoro akamnong'oneza sikioni. Mama akamtazama, akamwomba arudie, akarudiwa, akashika kifua.

"Na bado hamnunui?"

"Hatuna uwezo, mama. Wiki iliyopita tulikuwa tunategemea usijue." Akafunga zipu ya mkoba wake. "Ila gari tunalo, liko nje, na kamba zipo. Tutakupelekea mpaka huko uani kwa mwanao na tutalisimamisha. Fundi atatusaidia kusoma namba."

Fundi akasema yeye haondoki hata akifukuzwa.

Walikuwa wameanza kubeba, Sifa ameshika mlango wa kati kama anayebeba kioo, mama alipomwita arudi. Alikuwa anabonyeza simu ya mwanawe, ameisogeza mbali na macho, anatafuta jina. Ikaita. Akaiweka sauti ya nje, akaituliza juu ya droo iliyopinduliwa. Upande wa pili ikapokelewa na sauti nene ya mwanamke mtu mzima iliyouliza kuna nini tena.

"Wifi," mama akasema, "hujambo? Uko peke yako? Kaa chini kama umesimama. Kuna mtu hapa nataka umsikilize, ni mtaalamu wa mbao, na halinunui, kwa hiyo hana sababu ya kunifurahisha. Baba, njoo. Anza upya, pale pale chini ya droo."

Sifa akauegemeza mlango ukutani, akaufuta mkono kwenye suruali, akainama kwenye simu na kuamkia. Akaanza na yale mawimbi. Wifi akamkatiza mara mbili kuuliza ni kabati gani hilo, si lile sanduku, halafu akaacha kukatiza. Sifa alipofika kwenye mbao za mgongo, mkewe, aliyekuwa amesimama mlangoni na kamba begani akihimiza jua linazama, akaingia, akasogeza mdomo karibu na simu.

"Na bado hajakwambia kuhusu milango," akasema. "Ngoja akwambie milango."